Tende Niliyoitafuna Kabla ya Mionzi

Nianze na aibu yangu, maana nikiiweka mwisho nitaona haya na kuiruka. Mwaka nilipotibiwa saratani ya tezi ya mate nilimwonea wivu dada yangu mdogo, Habiba, na haukuwa wivu wa mume wala wa mali. Mume alikuwa amemwacha, na mali yake yote ilikuwa mbuzi wachache huko Ijara. Nilimwonea wivu wa mate. Alipocheka, meno yake yaling'aa kwa unyevu. Alipokula anjera, ile chapati yetu nyembamba, hakuhitaji maji ya kuisukuma. Asubuhi alisukutua, akatema nje ya mlango bila hata kuangalia anachokitupa, nami nilikaa kitandani na chupa yangu ya maji mkononi, nikimchukia jinsi ambavyo sijawahi kumchukia adui. Na huyo ndiye aliyekuwa akinifulia nguo.

Naandika kwa sababu tangu nipone, watu wananijia nyumbani hapa Garissa, wengi wao wanawake, shavu wamelifunika kwa mtandio. Wanauliza maswali mawili. Mionzi inauma? Na mate yatarudi? La kwanza nalijibu tukiwa bado mlangoni. La pili ndilo lililonigombanisha na ndugu yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nalieleza lote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Mume wangu alifariki akaniachia mabinti wawili, Ifrah na Nasra. Uvimbe wangu ulianza chini ya sikio la kushoto, mdogo, hauumi, unateleza chini ya kidole. Watoto wa darasa la tatu walisema mwalimu ameshikwa na matubwitubwi, nikacheka nao. Ulipofikia ukubwa wa ndimu, mjomba wangu alisema dawa yake ni moto, akapasha msumari makaani na kunichoma mahali patatu, kama wazee wetu wanavyowachoma ngamia na watu tangu zamani. Sikulia. Nilijivunia sana kutolia. Uvimbe haukujali. Lakini nimpe mjomba haki yake: baada ya wiki mbili aliurudia, akaubonyeza, akasema, "Huu umeushinda moto wangu. Nenda ukatafute moto mkubwa." Wala hakujua alivyosema kweli.

Upasuaji ulifanywa Nairobi katikati ya jilaal, kile kiangazi chetu cha mwanzo wa mwaka ambacho hata mbwa hatoki kivulini. Nilipozinduka, nusu ya uso wangu ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halikufumba, mdomo ulikwenda upande, na chai niliyoletewa ilishuka kidevuni na kuingia kwenye dera bila mimi kuisikia. Nilivumilia. Nilijiambia kitu kimetoka, basi kimetoka, uso utarudi wenyewe.

Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja ambaye tuliingia naye chumba cha upasuaji siku moja, uvimbe wake mahali pale pale ulipokuwa wangu. Majibu ya maabara yalirudi siku moja pia. Yeye aliambiwa ulikuwa uvimbe wa kawaida, aende nyumbani akatolewe nyuzi. Mimi niliambiwa ni saratani na kwamba kingo za nyama iliyokatwa bado zina ugonjwa.

"Si mmeshatoa, daktari?"

"Tumetoa tulichokiona, mwalimu. Mionzi ni ya kile tusichokiona."

Mara thelathini, siku tano kwa wiki, wiki sita. Yule mama alikuja kuniaga amebeba beseni lake na kandambili mpya. Alinishika mkono akasema Mungu atanisaidia. Nilisema amina. Moyoni nilisema, kwa nini isiwe wewe. Nimeshatubia kwa hilo, lakini nalitaja kwa sababu najua wapo wanaolifikiria na kujiona wao peke yao ndio wabaya.

Muuguzi alinieleza kitakachokuja: vidonda vya mdomo, ngozi kuwa nyeusi, ladha kupotea. Halafu akasema mate yatakauka. "Wengine yanarudi kidogo," alisema, "wengine hayarudi." Alilisema haraka na kuendelea na mambo ya miadi. Kwake lilikuwa jambo dogo kati ya mengi.

Kwangu halikuwa dogo. Kwetu mtoto akizaliwa, kabla hajaonja titi, mtu mzima wa ukoo anatafuna tende mpaka inalainika kabisa, anachota kidogo kwa ncha ya kidole na kumpaka mtoto kwenye kaakaa. Ni sunna, na nyumba nyingi humwita sheikh. Nyumbani kwetu ni kazi ya binti mkubwa. Bibi aliifanya, mama akaifanya, na mama alipokufa ikanijia mimi. Nimewatafunia watoto wa mtaa mzima, maana watu wetu wanaamini mtoto huchukua tabia ya aliyemtafunia, na mimi nilisifiwa kwa utulivu. Sasa Ifrah alikuwa na mimba yake ya kwanza, amerudi nyumbani kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi. Nilihesabu miezi kwa vidole nikiwa bado wodini. Mimba yake na mionzi yangu vingeisha karibu pamoja.

Nilipewa wiki chache nyumbani kidonda kipone. Habiba alikuwa amekwisha kufika kutoka Ijara na furushi moja, amechukua jiko, ndoo za maji, na Nasra wangu wa miaka tisa. Mchana mmoja nimelala, wao wakiwa uani wakichambua mchele, nikamsikia Ifrah akisema, "Habaryar, kama hooyo hataweza, wewe utamtafunia mtoto wangu." Habaryar ni mama mdogo, na hooyo ni mama.

Habiba akajibu, "Inshallah, kama hataweza."

Hakuna ubaya katika maneno hayo. Nimeyapima mara nyingi na sijauona. Lakini siku ile nilihisi kama wanagawana nguo zangu nami nipo ndani yake.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo mume wangu angekuwa hai angelicheka mpaka kiyama. Nyumba ilipokuwa tupu nilitoa tende moja nzuri, iliyoletwa na hujaji, nikakaa kwenye mkeka, nikasema bismillahi na kuitafuna kwa upande wa kulia. Mate yalikuja mengi. Sikuwahi kuyafikiria mate kabla ya hapo. Siku ile niliyaonea fahari. Tende ilipokuwa laini niliitia kwenye kichupa cha dawa nilichokichemsha, nikamimina asali juu, nikafunga, nikakivingirisha kitambaa na kukizika ndani ya sanduku la bati chini ya nguo za Idi. Mwalimu mzima, niliyewafundisha watoto wa watu kufunika chakula na kuogopa nzi! Nilimwekea mjukuu ambaye hajazaliwa tende iliyotafunwa, miezi miwili mbele, katika joto la Garissa. Na nililala vizuri.

Wakati ule mabasi ya Nairobi yalikwenda kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, na kwenye daraja la mto Tana abiria wote walishuka kukaguliwa vitambulisho. Habiba alinisindikiza mpaka hapo akinibebea begi, kwa kuwa bega langu la kushoto lilikuwa bado linavuta. Askari alitazama picha, akanitazama, akatazama picha tena.

"Mama, hii kitambulisho ni ya nani?"

"Yangu."

Macho yake yakaenda kwa Habiba na kutulia. "Hapana. Hii ni ya huyu. Wewe yako iko wapi?"

Tulikuwa tunafanana sana zamani. Watu walitufananisha sokoni, na mimi nilikuwa naudhika kidogo, maana nilijiona mzuri zaidi. Habiba akaruka na Kiswahili chake cha kuuzia mbuzi: "Afande, hiyo bicha ni ya dada yangu mkubwa. Hosbitali walimkata hapa, uso ikalala. Mimi siendi bahali, nimebeba begi tu."

Askari akanipa pole kwa upole mkubwa, akanirudishia kadi kwa mikono miwili. Nilipanda basi bila kumuaga dada yangu. Alisimama kando ya barabara akipunga mkono hadi msafara ulipoondoka, na mimi niliangalia upande wa mto.

Nairobi nilikaa kwa binamu yangu Eastleigh. Kila siku isipokuwa mwisho wa wiki nilikwenda hospitali na kuketi kwenye benchi refu la mbao, pamoja na watu wenye alama za wino wa zambarau shingoni na vifuani. Tulijuana kwa idadi. "Uko ngapi?" ndiyo iliyokuwa salamu. Aliyekuwa na mbili alimtazama mwenye ishirini na tano kama maskini anavyomtazama tajiri. Nami kwa wivu sikuwa wa mwisho.

Sasa lile swali la kwanza: haiumi. Unalala juu ya meza ngumu, kichwa kinageuzwa, wanapima kwa taa, halafu wote wanatoka na kufunga mlango mzito, wanakuacha peke yako na sauti ya mashine. Dakika chache tu. Moto wa mjomba ulikuwa na harufu na ulikuwa na mtu aliyekushika mkono. Huu hauna kimoja wala kingine. Kijana wa mashine alijifunza kutoka kwangu kusema "nabad", yaani amani, na kila siku alinisalimia hivyo kabla ya kufunga mlango. Ilinisaidia zaidi ya dawa nyingi.

Maumivu yanakuja baadaye, kwa hesabu yake. Mara ya nane, chai ilipoteza ladha. Nilimlaumu mke wa binamu kwa kuibana sukari, maskini, kumbe alikuwa ametia vijiko vinne. Mara ya kumi na mbili mate yakawa mazito, ya kuvutika, nikawa nayatoa kwa kitambaa. Mara ya kumi na tano vidonda. Mara ya ishirini niliamka na ulimi umegandana na shavu, nikajua kumekauka. Ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na nywele za nyuma ya sikio zilibaki kwenye mto.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mama Mutheu, mkulima kutoka Mwingi, yeye alitibiwa ulimi. Ndiye aliyenifundisha kubeba maji kila mahali na kusukutua kwa maji ya chumvi kabla ya kula na baada ya kula, na ndiye aliyenigawia uji wake wa chupa, mwembamba, vuguvugu. "Meza pole pole, mwalimu," alisema. "Hapa hakuna mtu anakimbizwa." Nilimwambia siri ya kichupa. Alicheka hadi akashika shavu kwa maumivu.

"Mwalimu! Umeweka mate akiba?"

"Usicheke. Nitafanyaje?"

"Na huyo dada yako amekosa nini?"

Nikamweleza kwamba anapika vizuri. Nikasikia jinsi linavyosikika. Mama Mutheu akasema, "Mimi nikiona mtu anakula mahindi ya kuchoma natamani aanguke nayo kwa mtaro. Mahindi ni yake, lakini natamani. Hiyo itaisha. Na wewe umepigwa upande mmoja. Upande wa huku hawajagusa. Uulize." Sikumuuliza daktari. Niliogopa jibu. Yeye alimaliza zake thelathini wiki moja kabla yangu, akaondoka na leso mpya kichwani, na nilimwonea wivu hata yeye.

Jumamosi nilipiga simu kwenye duka la jirani yetu Garissa na binti zangu wakaitwa. Nasra aliongea kwa kasi. Habaryar amemsuka nywele mistari midogo. Habaryar anajua hadithi ya fisi na mwanamke wa Rhamu. Anjera ya habaryar ni nyembamba kuliko yako, hooyo. Nilimwuliza kama ananikumbuka. "Ndiyo," alisema, "ukirudi habaryar ataondoka?" Sikuweza kujua kutokana na sauti yake jibu lipi alilitaka.

Nilimaliza mionzi mvua za gu, masika yetu, zilipoanza. Basi lilinasa matopeni tukashinda hapo mchana kutwa, nikilamba maji kwa kifuniko cha chupa. Nilipofika nyumbani, Nasra alikuja mbio mpaka hatua tatu kutoka kwangu, akaiona shingo na jicho na mdomo, akasimama. Halafu akarudi nyuma akajificha kwenye nguo za Habiba. Alikuwa mtoto tu na alijirekebisha jioni ile ile, akaja kuketi miguuni pangu. Lakini nilichokiona nilikiona.

Nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyoiacha. Ilinuka ubani wa Habiba. Majani ya chai yalikuwa kwenye rafu nyingine, kiti changu kilikuwa karibu na dirisha, na kitenge nilichokitafuta kilikuwa kimefuliwa na kushonwa pale kilipochanika. Kila kitu kizuri alichokifanya kilinichoma. Alinipondea muhogo na kuulainisha kwa maziwa ya ngamia, akaupoza, akauonja kwanza kwa kijiko kujua kama ni moto. Niliukataa. Nilisema una chumvi, na sikuwa nasikia chumvi wala sukari.

Ifrah naye alikuwa na lake. Majirani walimtisha. Siku ya tatu akaniuliza, macho chini, "Hooyo, ule moto bado uko ndani yako? Wanasema usimshike mtoto." Nikamweleza kama nilivyoelezwa: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, siwezi kumwunguza mtu. Alitikisa kichwa kukubali. Lakini alipopita nyuma yangu nilimwona akizungusha tumbo lake mbali na kiti changu.

Kwa hiyo nilizidi kukishikilia kile kichupa. Nilijiambia, tende hiyo ilitafunwa kabla ya moto, hakuna wa kuitilia shaka. Wala sikulifungua sanduku kukitazama. Nilijua kipo.

Uchungu ulimshika Ifrah alfajiri, wiki mbili baada ya kurudi kwangu. Kabla ya adhuhuri mkunga alitoka na kitu kidogo chekundu kilichofungwa kwenye shuka: msichana, mzima, ana hasira. Chumba kilijaa majirani. Sahani ya tende ikaletwa, na macho yote yakaenda kwa Habiba.

Nikasimama. "Ninayo tayari," nikasema.

Walinitazama wasielewe. Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikatupa nguo za Idi kitandani moja moja. Kitambaa kilikuwepo, kimefuliwa na kukunjwa. Kichupa hakikuwepo. Nilitoka na kile kitambaa mkononi.

"Nani amefungua sanduku langu?"

"Mimi, abaayo," alisema Habiba, akiniita dada kama kawaida. Hakusita hata kidogo. "Sisimizi walikuwa wamelipanda, mstari mzima kutoka mlangoni. Nikafungua. Kifuniko kilikuwa kimefura, asali inatoka povu. Nikanusa, nikajua ni nini."

"Ukakitupa!"

"Nikakifukia, nyuma ya nyumba."

Basi nikamwaga yote. Mdomo wangu haukuwa na mate, lakini maneno yalitoka bila kukwama. Nikasema amechukua jiko langu, amechukua mtoto wangu, amechukua nyumba mpaka harufu yake, hata picha ya kitambulisho askari amempa yeye, na sasa amechukua kinywa changu. Nikasema alikuwa anangoja nife. Mbele ya mkunga, mbele ya majirani, na mtoto analia. Mtu mtulivu wa mtaa!

Habiba alingoja nimalize. Alikuwa akilia, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Ulitafuna tende, ukaifungia sandukuni pamoja na nguo nzuri, ukaondoka bila kuniaga," alisema. "Mtu anayekwenda kutibiwa hafanyi hivyo. Hivyo anafanya mtu anayegawa vitu vyake. Kila siku niliyofagia chumba kile nilikuwa nafagia kama chumba cha maiti. Nikafukia. Nilitaka urudi uitafune mwenyewe." Halafu akachukua sahani ya tende na kuiweka mbele yangu sakafuni. "Na mimi sitafuni. Wallahi sitafuni. Mtoto atangoja."

Mkunga alisema huu ni upuuzi, mtoto anataka titi. Ifrah akasema kutoka kitandani, "Atangoja."

Nikaketi. Nikachukua tende moja, nikatoa kokwa, nikaitia kinywani upande wa kulia. Ilikuwa kama kutafuna ngozi. Iligandana na kaakaa, nikaibandua kwa kidole. Vidonda vilivyokuwa vimeanza kufunga vilifunguka. Kuna mtu alinisogezea maji nikamkatalia, maana nilijua nikinywa nitaimeza. Nilitafuna. Mtoto alipiga kelele, akanyamaza, akaanza tena. Jicho langu lisilofumba lilikuwa linachuruzika peke yake na lingine lilikuwa linalia kweli. Sijui ni muda gani. Watu walianza kuangalia chini kwa aibu ya kuniona. Nilimtazama Habiba mdomoni, nikamwona anatafuna. Hakuwa na kitu kinywani. Alikuwa anatafuna hewa, pamoja nami, bila mwenyewe kujua.

Hapo nikahisi kitu nyuma kabisa, kwenye shavu la kulia. Kwanza nilidhani ni damu. Yalikuwa machache mno, yangekauka kwenye unyayo wa sisimizi. Lakini yalikuwa yangu, na yalikuja, na baada yake yakaja mengine. Tende ilianza kukubali.

Nilipoichota kwa ncha ya kidole, nilisimama na kubaki pale pale. Nilikumbuka jinsi Ifrah alivyozungusha tumbo. Sikutaka kumnyang'anya mtu mtoto wake. Nikamtazama. Alikitazama kidole changu, akaitazama shingo yangu nyeusi. Kisha akamwinua binti yake kwa mikono miwili, akambana mashavu kidogo ili mdomo ufunguke.

"Mpe, hooyo," alisema.

Nikampaka. Alikunja uso, akalamba, akatafuta zaidi.

Kwa hiyo, lile swali la pili. Mate yamerudi nusu, na nusu hiyo ilikuja taratibu, msimu kwa msimu. Upande wa kushoto hayakurudi. Silali bila maji kando yangu, siwezi kula nyirinyiri, nyama yetu ya kukausha, bila mchuzi, meno mawili yameoza yakang'olewa kwa taabu, na darasani nafundisha nikiwa na kikombe mezani. Jicho linafumba sasa, mdomo bado uko upande. Nilibadilisha picha ya kitambulisho. Nawaambia wanaonijia: wivu utakushika, na utamshika aliye karibu nawe, kwa sababu ndiye anayekula mbele yako. Usijifanye haupo. Na ukipigwa upande mmoja, uliza kuhusu upande wa pili, usiogope jibu kama mimi.

Siku ya saba mtoto alipewa jina, na Ifrah akamwita Habiba. Nilikubali kwa shida, sitasema uongo. Dada yangu hakurudi Ijara. Alipeleka mtu akauze wale mbuzi, akafungua kibanda cha maziwa ya ngamia hapa sokoni, na bado chai yangu anaimimina yeye.

Mjukuu sasa ana miaka mitatu na huniita ayeeyo, bibi. Majirani wanangoja kuona utulivu niliomtafunia. Jana nilikuwa nimeketi uani, Habiba mkubwa akaja na birika, na kabla hajafika kwangu yule mdogo alitoka ndani mbio, akamsukuma mkono, akajitupa mapajani mwangu na kunikumbatia kwa nguvu zake zote.

"Usimguse! Ayeeyo ni wangu!"

Dada yangu aliangalia chai iliyomwagika, akanitazama mimi, akacheka kwa meno yake yale yenye unyevu.

"Wallahi," alisema, "tende ilifika."